Sikio la mama

Jamani wiki 3 zilizopita nilikuwa silali kabisa. Mama yangu ana kisukari, sasa akaanza kulalamika sikio la kulia linawasha, akawa analichokonoa na njiti ya kiberiti (wazee wetu wengi wanayo hii tabia, na mimi nilikuwa namuona kila siku wala simwambii kitu). Siku ya nne sikio limevimba mpaka tundu limeziba, ukigusa tu kile kinyama cha mbele anapiga kelele. Duka la dawa wakatupa matone, tukiweka yanamwagikia shingoni, hayaingii. Usiku ndo balaa, mama mzima analia.

Daktari wa masikio akavuta usaha na kamashine, halafu akaingiza utambi. Ni kama kasponji kadogo, kanaingia kakiwa kakavu, ukikadondoshea dawa kananenepa na kuifikisha dawa huko ndani. Akapima na sukari, 18, iko juu sana! Hapo ndo akatuweka chini akasema kwa mtu wa kisukari bakteria wa hili sikio wanaweza kutoka kwenye ngozi wakaingia mfupa wa fuvu, na ikifika huko matone peke yake hayatoshi, ni antibayotiki wiki 6 au hata zaidi. Nilitetemeka.

Basi nikanunua daftari. Kila jioni naandika sukari, homa, na maumivu ni mangapi kwa 10, alafu namwambia mama cheka kidogo nione, naangalia kama mdomo haujaenda upande, maana ule ugonjwa ukizama unashika mshipa wa fahamu wa uso. Chupa ya matone naifumbata kwanza mpaka ubaridi uishe, ya baridi inaleta kizunguzungu, anaweka analala ubavu dakika 5. Akioga naziba na pamba iliyopakwa mafuta ya mgando.

Siku ya 3 maumivu yakashuka toka 9 hadi 5. Utambi ukabadilishwa, sukari nayo ikaanza kutii. Lakini daktari kanikazia kwamba usaha kukauka siyo kupona, maumivu ya usiku yakirudi twende siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki, kwahiyo daftari bado naandika.

Jana usiku nikachungulia chumbani kwake, nikamkuta kalala fofofo, kalilalia lile lile la kulia.