Praha mwezi wa Desemba: tramu ilinifaa kuliko koti

Ushauri wa watu utakuja kuniua. Kaka mmoja Mtanzania hapa Dresden, Ujerumani, mkaaji wa siku nyingi, aliniambia kuhusu Praha, mji mkuu wa Ucheki: “Dada, vaa koti zito, anza na daraja, halafu panda hadi Kasri la Praha, kule kilimani, kwa miguu, mwili utapata moto.” Moto gani! Katikati ya ngazi nilikuwa nimelowa jasho, upepo ukaja ukalipoza lote mgongoni. Nikateremka meno yakigongana.

Basi nikafanya langu. Nilikata tiketi ya siku nzima, pesa si nyingi, nikadandia tramu namba 22. Ndani kuna hita! Inavuka mto Vltava karibu na Jumba la Taifa la Maigizo, kisha inapanda kilima kwa kona kali huku wewe umekaa dirishani kama mke wa waziri. Nilishuka Pohořelec, juu kuliko Kasri lenyewe, nikaanza kuteremka taratibu huku nikipishana na wanaohema. Baridi ikizidi, narudi kwenye tramu kuota joto, vituo viwili mbele, vitatu nyuma. Nani atakuuliza? Ila tiketi igongwe muhuri kwenye kile kimashine cha njano mara ya kwanza, maana wakaguzi huvaa kiraia.

Kanisa kuu la Mtakatifu Vitus lilianzwa 1344 likamalizika 1929. Fundi wangu wa Kigamboni na bafu lake nimemsamehe.

Kwenye Daraja la Karlo, lililoanza kujengwa 1357, watu hupanga foleni kusugua shaba chini ya sanamu ya Mtakatifu Yohane Nepomuki, mpaka inang’aa. Mimi sikuvua glavu. Baraka zikitaka zipenye.

Saa ya kale ya kinajimu, ya mwaka 1410, ndiyo iliyonikosha. Wenzangu walikuwa wakisubiri sanamu za mitume zitokeze dirishani, mimi macho kwenye duara la nje, linalohesabu saa tangu jua kuzama. Yaani saa moja baada ya magharibi ni saa moja, kama kwetu! Tatizo ni kwamba jua la Desemba huzama karibu saa kumi, kwa hiyo mizunguko yako imalize mapema.

Ile keki ya kuzungushwa kwenye mti, trdelník, inauzwa ghali na ni sukari tupu. Sogea mitaa miwili kutoka uwanja wa katikati, uagize česnečka, supu ya vitunguu saumu. Mimi nilikunywa bakuli mbili.