Kunoa kisu bila kuharibu matiko yake

Kisu cha kwanza nilichokinoa kwa mashine ndogo ya mkononi, ile yenye kichwa kinachozunguka ambayo mafundi huitumia kuchonga na kupiga msasa, nilikiharibu kwa muda usiozidi dakika moja. Niliweka kasi ya juu kabisa, mizunguko 35,000 kwa dakika, nikalikandamiza jiwe lake la kunolea kwenye ncha, na papo hapo chuma kikageuka rangi ya buluu. Tangu siku hiyo ncha ile haikushika makali. Vitunguu vichache tu viliitosha kuwa butu.

Chuma cha kisu huchomwa, hupozwa ghafla, kisha hupashwa moto tena kwa kiasi, na kwa chuma cha kaboni, kile kinachoshika kutu, kiasi hicho mara nyingi hakizidi nyuzi 220 za Selsiasi. Hayo ndiyo matiko yake. Buluu hujitokeza joto linapokaribia nyuzi 300, yaani chuma kimekwisha kupita kipimo chake na kulegea, na ncha huungua mapema kuliko sehemu nyingine kwa sababu ni nyembamba mno, joto halina pa kukimbilia. Visu visivyoshika kutu hubadilika rangi kwenye joto kubwa zaidi, hivyo kwavyo rangi si kipimo cha kutegemea.

Sasa ninaanza na kasi ya chini kabisa, nimevaa miwani ya kukinga macho. Hupaka wino ukingoni ili nione jiwe linagusa wapi, hulilaza kwa pembe ya nyuzi kati ya 15 na 20 kila upande, kisha hulivuta kutoka mpinini hadi nchani pasipo kusimama, kwa kuwa mahali linaposimama huchimba shimo. Baada ya kupitisha mara mbili au tatu huchovya kisu majini, hata kama hakijawa moto. Nikihisi kwa kidole, kwa kukipitisha kutoka mgongoni kuelekea ukingoni, ukwaruzo mwembamba uliojikunja upande wa pili, najua upande niliokuwa nikiunoa umetosha.

Mashine hii naiona inafaa kwa kisu chenye mapengo au kilichochakaa sana. Kilichochoka kidogo tu hukinoa kwa kinoo, au kwenye kitako cha kikombe cha kauri kama wafanyavyo wengi nyumbani, na vyote humalizia kwa kuvipitisha kwenye upande wa ndani wa mkanda wa ngozi, mgongo wa kisu ukitangulia.