Siku yangu na kijiti cha kupimia dizeli

Saa 11 alfajiri. Mvua ya masika imenyesha usiku kucha, na nimesali huku moyo uko kwenye vifuniko vya matangi. Sheli yetu ipo njia ya Tunguu, wanapojaza malori ya mchanga na mawe yanayokwenda Paje na Jambiani.

Saa 12:20. Tangi la dizeli. Napaka dawa ya maji, ile inayogeuka rangi ikigusa maji, kwenye ncha ya kijiti kama shubiri moja. Rangi yake kahawia, mtu mwenye njaa angedhani haluwa. Nakishusha mpaka kigonge chini, nahesabu hadi 60. Kwenye petroli ningehesabu kidogo tu, lakini dizeli huganda juu ya dawa, inataka subira. Nakitoa. Chini kumegeuka kwekundu, sentimita 3, kumekatika kama kumepigwa rula.

Maji.

Nafunga pampu. Fuso mbili zishapanga foleni.

"Dada, nipe lita 40 tu niondoke. Bomba lenyewe halivuti chini kabisa."

Hakusema uongo. Bomba limeinuliwa kidogo kutoka sakafu ya tangi, na maji, kwa uzito wake, hukaa chini ya dizeli. Ila sheli niliyofanyia kazi zamani walikuwa wakisema hivyohivyo, mpaka siku tenka liliposhusha mzigo likavuruga tangi zima, na kaka mmoja akanunua nozeli mpya za injini ya gari lake kwa pesa ya kuezekea nyumba. Nikamwambia asubiri au aende mbele. Akaenda mbele, na msonyo juu.

Saa 2 mpaka saa 4 tunavuta maji kwa pampu ya mkono. Yanatoka na ute mweusi: vijidudu huota pale maji na dizeli vinapokutana, na ute huo ndio unaoziba filta. Mpira wa kifuniko tumeukuta umepasuka. Mpira tu!

Saa 5 tenka limefika. Nachukua sampuli kwenye chupa nyeupe, naizungusha, naitazama kwenye mwanga. Inang'aa, hakuna ukungu wala takataka. Haidromita, kipimo cha uzito wa mafuta, inasoma 838, yaani kilo kwa mita moja ya ujazo, kwenye joto la nyuzi 29. Nikirekebisha kwa jedwali, iko sawa. Ingechanganywa na mafuta ya taa, namba ingeshuka.

Saa 7:30, baada ya adhuhuri, nakula boflo na maharage. Mtoto wa dada yangu, yuko Ujerumani, kanitumia sauti. Yeye anapima haidrojeni, gesi inayotumiwa na malori makubwa badala ya dizeli. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14687 kinataka usafi wa asilimia 99.97: maji yasizidi sehemu 5 katika milioni, salfa 4 katika bilioni. Monoksidi ya kaboni kidogo tu hung'ang'ania platini ndani ya seli, chombo kinachogeuza gesi hiyo kuwa umeme wa kuendesha lori, na umeme hupungua. Gesi yenyewe haionekani wala hainuki, basi sampuli huingizwa kwenye mtungi na kupelekwa maabara.

Nikamjibu: "Sisi leo sentimita 3. Na madereva wako, wanakuharakisha?"

"Kila siku, khalati."

Saa 10 alasiri tangi limetulia. Kijiti tena, dawa mpya, nahesabu hadi 60. Kahawia tupu mpaka nchani. Nafungua pampu. Yule dereva wa asubuhi anarudi kutoka Paje, anaingia sheli, anazima gari.

"Sasa nipe hizo 40."

Wingu jeusi lishatanda. Naenda kukanyaga kifuniko, nione kama kimekaa.