Kutoka Mombo hadi Elmenteita kwa njia za zamani za Safari Rally

Watu wengi wanaokwenda Naivasha kutazama Safari Rally huanzia Nairobi, na hawana kosa, kwa kuwa tangu 1974 mashindano hayo ya magari yamekuwa yakifanyika ndani ya Kenya peke yake. Mimi nilitaka kuyaendea kwa kupitia upande ambao magari hayo hayafiki tena. Kwa karibu miaka 20 ya mwanzo yalikuwa mashindano ya Kenya, Uganda na Tanganyika kwa pamoja, yakikimbiwa usiku na mchana katika barabara zile zile zilizopitwa na mabasi, malori ya mkonge na ng'ombe wa wafugaji. Waandaaji walipotangaza kwamba mwaka 2024 yangerudi kwenye sikukuu ya Pasaka, wakati wake wa jadi, nilipanga kuanzia Mombo, chini ya milima ya Usambara, nipite Arusha na Namanga, nilale Nairobi, kisha niteremke Bonde la Ufa.

Barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni na Lushoto leo ina lami, lakini bado ni nyembamba, na kila kona inamlazimu dereva apige honi kabla hajajua kilicho mbele yake. Upande mmoja ni ukuta wa mwamba, upande wa pili ni korongo lenye mto chini yake. Nilishuka Soni, mahali njia ya Bumbuli inapochepuka, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwa nini madereva wa zamani waliiogopa Usambara. Udongo wa huko ni mwekundu na mzito, na Pasaka huangukia katika majira ya masika. Ukishanyesha usiku kucha, hata mtu anayetembea kwa miguu huteleza, sembuse gari lisilokuwa na nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne.

Kwenye kibanda cha chai nilimkuta mzee mmoja, fundi seremala aliyestaafu, nikamwamkia, akaitikia, na nilipomweleza safari yangu akasogeza kiti. "Mwanangu, sisi tulikuwa hatulali," aliniambia. "Taa zilianza kuonekana kule juu, zinapotea kwenye kona, zinatokea tena. Tulilijua gari kwa mlio kabla halijafika. Likinasa, vijana wote wanaingia kwenye tope kusukuma, na hakuna aliyeuliza dereva ni wa nchi gani." Gari analolikumbuka zaidi ni Peugeot 404 ya Bert Shankland, na sababu yake ni ya wazi: Shankland na mwenzake Chris Rothwell walitoka Tanzania, na walishinda mwaka 1966 kisha wakashinda tena 1967. Nilifurahi sana kulisikia jina hilo likitamkwa Soni, kwa maana katika simulizi nyingi za mashindano haya mchango wa Tanzania hutajwa kwa mstari mmoja tu, kama hautajwi kabisa.

Kutoka Mombo hadi Arusha basi hufuata milima ya Upare mkono wa kulia kwa saa nyingi, na katika mwendo huo nilirudia tena kichwani mwangu jinsi jambo hili lilivyoanza. Mwaka 1953 Eric Cecil wa Nairobi alikuwa mpenzi wa mbio za magari, lakini binamu yake, Neil Vincent, hakuona raha ya kuzunguka uwanja mmoja mara kwa mara. Alitaka mbio za kutoka na kukata nusu ya Afrika. Wazo hilo likaunganishwa na sherehe za kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, na kati ya 27 Mei na 1 Juni 1953 magari yakakimbia katika nchi tatu kwa jina la East African Coronation Safari. Hapakuwa na mshindi mmoja wa jumla. Magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani, na kila daraja likawa na mshindi wake. Mimi naona utaratibu huo ulikuwa na hekima kubwa, kwani swali ambalo mkulima, mfanyabiashara au mwenye teksi alitaka lijibiwe lilikuwa ni gari gani, kwa fedha alizo nazo, litastahimili barabara zetu. Peugeot, Volkswagen na Datsun hazikupata heshima yake Afrika Mashariki kwa matangazo ya magazeti. Ziliipata kwa kufika mwisho.

Na kufika mwisho halikuwa jambo dogo. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakarudi 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, na kwa mara nyingine yakarudi 7. Mvua ndiyo iliyofanya kazi hiyo: mito ilivunja kingo, madaraja yakafunikwa, na mitaro ikajaa magari yaliyoachwa. Katika miaka yote miwili walioshinda ni wale wale, Nick Nowicki na Paddy Cliff, wakiendesha Peugeot 404. Hiyo hainifanyi niamini bahati. Inanifanya niamini kwamba kulikuwa na watu waliojua kuusoma udongo, kupunguza mwendo mahali ambapo mwingine angeongeza, na kulifikisha gari lingali na miguu yake yote.

Arusha hadi Namanga ni kama kilomita 110 za tambarare, mlima Longido ukisimama peke yake upande wa kulia. Mpakani siku hizi mambo ni mepesi. Tangu kituo cha pamoja kilipofunguliwa rasmi mwaka 2018, msafiri hugongewa mihuri ya nchi zote mbili katika jengo moja. Nilisimama pale nje kwa muda, nikiyatazama malori yaliyopanga foleni, kwa sababu kwa maoni yangu historia ya Safari Rally iligeuka katika mipaka kama huu kuliko ilivyogeuka katika karakana za Ulaya na Japani. Mwaka 1972 mashindano yalianzia Dar es Salaam, na Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na Ford Escort, akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuyashinda. Mwaka 1973 yakaingizwa katika msimu wa kwanza kabisa wa Mashindano ya Dunia. Mwaka uliofuata neno "East African" likaondolewa kwenye jina lake, na njia yote ikabaki Kenya. Uganda ilikuwa chini ya Idi Amin tangu 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inalegea, ikavunjika 1977, na mpaka huu niliposimama ukafungwa hadi 1983.

Hakuna mtu aliyeyabeba mabadiliko hayo maishani mwake kama Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, katika familia ya wenye mashamba, na mwaka 1972 ilimbidi ahamie Kenya Amin alipowafukuza Waasia. Pasaka iliyofuata, ya 1973, alishinda Safari akiwa na Datsun 240Z, tena kwa namna isiyosahaulika: yeye na Harry Källström wa Sweden walimaliza wakiwa sawa kwa pointi za adhabu, na ushindi ukaenda kwa Mehta kwa sababu ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa mara ya kwanza. Kisha akashinda mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982. Ushindi mara tano! Nilipokuwa nasafiri 2024, hapakuwa na dereva aliyekuwa ameifikia idadi hiyo katika mashindano haya yakiwa ya dunia.

Nairobi niliingia Alhamisi, 28 Machi, siku ya uzinduzi. Mbele ya KICC, jumba kubwa la mikutano, barabara zilikuwa zimefungwa na watu wamepanda kila palipopandika. Safari hii sikukaa mjini kwa muda mrefu, ingawa kuna jina moja ambalo haiwezekani kupita Nairobi bila kulikumbuka. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 pamoja na ndugu yake Jaswant wakitumia Volvo iliyokuwa imekwisha kukimbizwa na wengine katika mashindano ya mwaka uliotangulia, kisha akashinda 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Wakenya walimwita Simba, na jina hilo alilistahili.

Ijumaa niliteremka Naivasha kwa barabara ya chini, ile ya Mai Mahiu, inayopita kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ukifika hapo, mlima Longonot unaonekana wote, na chini yake nchi kavu ya Kedong, ambako siku hiyo magari yalikuwa yanakimbia. Mashindano ya sasa yako namna nyingine kabisa. Zamani njia ilizidi kilomita 5,000 na barabara zilikuwa wazi kwa wote. Sasa mikondo ya kushindana, yaani vipande vya njia ambavyo magari hupimwa muda, ukiijumlisha yote, haifiki kilomita 400, na kila mkondo hufungwa kwa ajili ya usalama. Wapo wanaosema kwamba haya si Safari tena. Mimi nilikuwa na shaka hiyo hiyo hadi Jumamosi asubuhi, nilipofika Elmenteita.

Mkondo wa Sleeping Warrior umepewa jina la kilima ambacho, ukikitazama kutoka barabara kuu, kina umbo la morani aliyelala chali. Ziwa liko upande wa pili, jeupe kwa magadi. Tulisimama nyuma ya kamba, juu kidogo ya kona, wengi wetu tukiwa tumefunika pua kwa vitambaa. Helikopta ndiyo iliyotangulia kusikika, kisha filimbi za wasimamizi, kisha wingu jembamba la vumbi likaonekana mbali likitusogelea kwa kasi ambayo jicho halikuizoea. Gari lenyewe lilipotokea, Toyota Yaris ya Kalle Rovanperä, lilikuwa limeinamia upande, tairi la mbele likining'inia hewani kwa kitambo kifupi kabla halijagonga ardhi, na mawe yakarushwa hadi kwenye majani tuliyosimama. Lilipita. Vumbi likabaki.

Vumbi hilo ndilo lililonibadilisha mawazo. Baada ya magari kupita, nilishuka pembeni mwa njia pamoja na vijana waliokuwa na ruhusa ya msimamizi, nikatia mkono kwenye alama ya tairi. Mkono ulizama hadi kifundo. Ni udongo wa volkeno, laini kama unga wa muhogo uliochekechwa, na chini yake mna mawe makali ambayo dereva hawezi kuyaona. Hapo gari hupunguzwa mwendo ghafla kama limeingia majini, injini huvuta vumbi badala ya hewa, na tairi huchanika bila onyo. Ndiyo maana magari haya hufungwa bomba la kuvutia hewa juu, kando ya kioo cha mbele, kifaa ambacho huko Ulaya hayakihitaji. Mwaka 2021, mashindano yaliporudi katika ratiba ya dunia baada ya kukosekana tangu 2002, Thierry Neuville alikuwa anaongoza hadi asubuhi ya siku ya mwisho, gari likavunjika shokapu ya gurudumu, na Sébastien Ogier akachukua ushindi. Nchi hii bado inawachagua washindi wake yenyewe.

Jumapili ya Pasaka, kwenye mkondo wa Hell's Gate, Rovanperä alithibitisha ushindi wake, Takamoto Katsuta akawa wa pili na Adrien Fourmaux wa tatu. Karibu yangu ilikaa familia kutoka Jinja, baba, mama na watoto wao, waliosafiri kwa gari lao kupitia Busia ili kuona mashindano. Baba mtu alikuwa anawaeleza watoto habari za Mehta, akisisitiza kwamba ni mtu wa kwao, na nilipomwambia kwamba nimeanzia Mombo na nilichokisikia Soni kuhusu Shankland, tukaacha kutazama magari kwa kitambo. Alinikumbusha kwamba Uganda sasa ina mashindano ya Pearl of Africa na Tanzania ina yake, yote yakihesabiwa katika ubingwa wa Afrika, kila nchi na barabara zake. Tulikubaliana kwamba mkondo mmoja tu wa kuvuka mpaka, hata kama ni wa magari ya zamani, ungetosha kuanzia. Akaniandikia tarehe ya mashindano ya Uganda nyuma ya tiketi yangu, na mama watoto akaniambia nisithubutu kulala hotelini nikifika Jinja.