Asubuhi ya mifupa, Shangani

Siku ya mifupa, mkufunzi wetu wa reflexolojia (ukandaji unaochukulia kwamba kila sehemu ya mwili ina mahali pake kwenye nyayo na viganja) pale Mtwara hakuja na mchoro. Alikuja na kalamu ya wino mzito na mzee mmoja mvuvi wa Shangani.

"Shikamoo babu. Tuazime mguu."

"Marahaba. Msinitekenye tu."

Unyayo wa mtu aliyezoea kutembea peku haukuambii kitu, ngozi yake nene mno. Mifupa hutafutwa kwenye kingo na juu ya wayo. Kifundo cha nje, ambacho ni ncha ya fibula (mfupa mwembamba ulio kando ya ugoko), kiko chini kidogo kuliko cha ndani, ambacho ni ncha ya mfupa wa ugoko. Ukianzia hiki cha ndani, telezesha kidole mbele na chini mpaka ugonge kinundu: hiyo ndiyo navikula, mmoja wa mifupa ya wayo. Pindua wayo kwa nje, kichwa cha talasi (mfupa unaokalia chini ya ugoko) kitajitokeza kati ya kifundo hicho na navikula. Upande wa kidole kidogo, katikati ya ukingo, kuna kinundu kingine, shina la metatarsali ya 5, mfupa mrefu wa wayo unaoelekea kidole kidogo. Hapo reflexolojia huchora mstari wa kiuno. Mfupa wa kuboidi uko nyuma yake.

Kilichotutesa ni wino. Mzee akilegeza mguu, ngozi inateleza juu ya mfupa na alama ya navikula inahama. Ndiyo maana wayo husimamishwa pembe mraba na ugoko mpaka mchoro uishe.

Hesabu ya wayo mmoja: tarsali (mifupa ya nusu ya nyuma ya wayo) 7, metatarsali 5, falanji (mifupa ya vidole) 14, jumla 26. Mwenzetu mmoja aling'ang'ania 27, kumbe dole gumba amelihesabia falanji 3; lina 2. Vifupa 2 vidogo chini ya kichwa cha metatarsali ya 1 havimo kwenye hesabu, lakini vibonyeze kwa ncha ya kidole uone mteja anavyovuta mguu.

Wenye fani husoma uti wa mgongo kwenye ukingo wa ndani: shingo kwenye dole gumba, kifua kwenye metatarsali ya 1, kiuno kwenye kunaifomu (mfupa ulio mbele ya navikula) na navikula. Mzee akauliza kama kiuno chake kitapona. Mkufunzi akamjibu:

"Babu, hapa utapumzika tu. Kikizidi kuuma, hospitali ya Ligula si mbali."

Jibu lile nalithamini kuliko ramani yenyewe.

Mkono tuliupitia mbiombio: mifupa 8 ya kifundo, 5 ya kiganja, 14 ya vidole. Katika ile 8 ya kifundo, rahisi kushika ni pisifomu, kifupa kidogo chini ya kiganja upande wa kidole cha mwisho. Kunja kifundo kidogo, ulegeze mkono, inachezacheza.