Swali la Kila Jioni Kuhusu Historia ya Tiba ya Ugumba

Nilipoanzisha chemshabongo ya kila siku katika kundi letu la WhatsApp la wauguzi na wakunga wa Lubumbashi, washauri walijitokeza kwa wingi, na karibu wote walinipotosha. Mmoja alisema niulize majina na miaka, kwa kuwa majibu ya aina hiyo husahihishwa upesi. Mwingine alishikilia kwamba bila zawadi ya mega za intaneti hakuna atakayeshiriki. Basi nikauliza ni nani aliyegundua yai la mamalia mwaka 1827, na kabla sijaiweka simu mezani majibu yalikuwa yamemiminika, yote yakimtaja Karl Ernst von Baer kwa sentensi ile ile yenye mkato pale pale, kwa sababu yalinakiliwa kutoka ukurasa mmoja. Mega zilikwenda kwa kijana mwenye simu ya kasi, na jioni zilizofuata zilikwenda kwake tena. Fedha zilizoniponyoka kwa njia hiyo zingetosha mfuko mzuri wa unga.

Zawadi nikazifuta, nikabuni hila ambayo najivunia bila haya: badala ya kuuliza, ninaandika habari fupi iliyo ya kweli isipokuwa jambo moja, na wanakundi hutafuta uongo umejificha wapi. Niliandika kwamba Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani aliyetungwa maabarani, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, baada ya mama yake, ambaye mirija yake ya uzazi ilikuwa imeziba, kudungwa homoni ili atoe mayai mengi. Watu walihakikisha jina, mji na tarehe, wakaniandikia kwa kiburi kwamba hakuna kosa, ilhali watafiti waliofanikisha jambo hilo, Robert Edwards na Patrick Steptoe, walilifuata yai moja tu lililokomaa lenyewe, bila dawa ya kulichochea. Hata jioni nilipodai kwamba wawili hao na Jean Purdy, aliyevilea viinitete maabarani, walipokea pamoja tuzo ya Nobel ya mwaka 2010, wachache ndio waliokumbuka kuangalia nani alikuwa hai. Purdy alifariki mwaka 1985 na Steptoe mwaka 1988, na tuzo hiyo hawapewi marehemu.

Hata hivyo, jioni iliyonipendeza kuliko zote ni ile ya masista. Niliandika kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 dawa ya kuchochea ovari ilitengenezwa kutokana na mkojo uliokusanywa kwa masista vijana katika nyumba za watawa nchini Italia. Wengi walilirukia neno masista, na mama mmoja Mkatoliki wa mtaa wetu wa Katuba akaniandikia, «Yaya, uwaheshimu watumishi wa Mungu!» Masista walikuwa wa kweli kabisa, uongo ulikuwa ujana wao. Mwanamke akishakoma hedhi, ovari hazijibu tena, kwa hiyo tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huzidi kumwaga homoni za kuziamsha, na ziada hiyo hutoka katika mkojo. Watawa wazee wanaoishi pamoja walirahisisha ukusanyaji, tena miongoni mwao hakukuwa na mjamzito ambaye homoni zake zingeuharibu mchanganyiko. Mama wa Katuba alikuwa wa kwanza kueleza sababu hiyo kwa usahihi, ingawa hakuacha kulalamika.

Ushauri ulioniudhi zaidi ulikuwa kwamba nisiguse habari za wanaume, eti watatoka kwenye kundi. Nani kati yetu wakunga hajamwona mke aliyefukuzwa na wakwe ilhali mume hajapimwa hata mara moja? Kwa hiyo niliandika kuhusu mbinu ya kutungisha yai maabarani iliyotangazwa Brussels mwaka 1992, nikadai kwamba inahitaji maelfu ya mbegu za kiume kulizunguka yai. Kinyume chake, kinachohitajika ni mbegu moja, inayoingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba mno, na ndiyo maana mwanamume mwenye mbegu chache au dhaifu alipata matumaini ambayo hakuwa nayo awali. Hakuna aliyetoka. Wanaume kadhaa waliniandikia faraghani wakitaka kujua kipimo cha mbegu hufanyikaje, nami nikawajibu kwamba waende siku 2 hadi 7 baada ya tendo la ndoa la mwisho, na kwamba sampuli ni bora itolewe pale pale maabarani kuliko kubebwa kutoka nyumbani.