Chupa ya kifuniko cha zambarau

Leo asubuhi nimemtoa damu mama mmoja kutoka Micheweni, hapa Pemba, kipimo cha kawaida tu. Nilipokuwa naipindua ile chupa taratibu damu isigande, nikamkumbuka mama mdogo.

Mama mdogo aliuficha uvimbe wa titi msimu mzima wa karafuu. Akijitanda kanga mbili, tukidhani baridi. Aliposema, alikatwa kipande kidogo cha uvimbe, ndicho kinyama, kikavuka bahari kwenda kupimwa Unguja, nasi tukabaki kungoja. Siku moja barazani akaniuliza, "Mwanangu, hii damu mnayotutoa kila siku haiwezi kusema?"

Swali hilo ndilo lililonikesha. Skuli nilifundishwa kuwa RNA, molekuli zilizomo ndani ya seli, hubeba maelekezo ya kutengeneza protini. Kumbe zipo nyingi, zenye urefu wa herufi zaidi ya 200, ambazo hazitengenezi protini na bado zina kazi. Mojawapo ni HOTAIR, inayoziongoza protini za kuzima jeni. Mwaka 2010 watafiti wa Marekani walionesha kwamba ikizidi ndani ya uvimbe wa titi, saratani ina hatari kubwa zaidi ya kusambaa. Na baadhi ya RNA za aina hii hupatikana kwenye damu, zimehifadhika ndani ya vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli.

Nilifurahi, wallahi. Kisha nikakutana na MALAT1, RNA nyingine ya aina hii: miaka mingi ilisemwa inaisaidia saratani kusambaa, mwaka 2018 majaribio ya panya yakaonesha inaizuia. Kwa saratani ya tezi dume, kipimo cha mkojo kinachopima PCA3, nayo RNA ya aina hii, kiliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Kwa matiti, kukata kinyama bado hakujapata mbadala.

Halafu kuna joto letu. Damu ikichelewa, chembe hupasuka na kumwaga RNA zake, majibu yakavurugika. Plazma, yale maji ya damu, inatakiwa itengwe mapema, igandishwe nyuzi 80 chini ya sifuri. Kikija kipimo cha damu cha RNA hizi kwa saratani ya titi, mimi nataka kijaribiwe kwa damu iliyopanda daladala mpaka Chake Chake na kuvuka kwa boti kutoka Mkoani, umeme ukiwa umekatika. Kisipofanya kazi hapo, mama mdogo wa mtu mwingine atangoja vilevile.

Chupa nikaiandika jina na saa. Kisha nikamuuliza yule mama, kwa sauti ya chini, kama huwa anajipapasa matiti. Akautazama mlango kwanza. Nikaenda kuufunga.